Kutoka Ujiji hadi Nyamirambo: mwongozo kamili wa kupeleka kikundi kidogo safari ya utamaduni Burundi na Rwanda

Sisi wa Kigoma tumezoea kuitwa watu wa mwisho wa reli. Ni kweli, Reli ya Kati iliishia hapa mwaka 1914. Lakini nenda Kibirizi alfajiri, boti zinapopakia mizigo ya kwenda Burundi, usikilize namna Kiha na Kirundi vinavyopokezana bila mkalimani. Hapo utaelewa kwa nini nasema kwamba safari nzuri ya utamaduni kwa mtu wa huku haielekei Dar es Salaam. Inaelekea kaskazini, kwa majirani.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuchukua watu wachache, wawe walimu, akina mama wa kikoba, wanafunzi wa chuo au ukoo mmoja, akawazungushe siku kumi na mbili: Kigoma, Bujumbura, Gitega, Ngara, Kigali, Nyanza na Huye, kisha nyumbani kwa kupitia Kibondo na Kasulu. Nimeipita njia hii zaidi ya mara moja, na ninayoyaandika ndiyo ninayoyafanya.

Kwanza, jua mnakwenda kutafuta nini

Watu wengi huanza na gari na bei. Mimi naanza na swali moja ambalo kikundi kizima kitakuwa kinaliuliza njia nzima. Bila swali hilo, ngoma ya Burundi inakuwa kelele na jumba la mfalme wa Rwanda linakuwa nyumba ya nyasi ya kupigia picha.

Swali letu ni hili: Kiswahili kilifikaje huku kwa majirani, na kilikutana na nini? Misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora ilifika Ujiji, na kutoka Ujiji watu, maneno, nguo na dini vikaendelea kusambaa. Ndiyo maana Bujumbura kuna Buyenzi na Kigali kuna Nyamirambo, mitaa ambayo mtu wa Ujiji akiingia anajisikia yuko kwao. Ukishika uzi huo, kila kituo kinaungana na kingine. Wewe unaweza kuchagua uzi mwingine, kwa mfano ziwa na samaki wake, au ufalme na ngoma. Ila chagua mmoja.

Watu wanane, si zaidi

Mara ya kwanza nilichukua watu kumi na wanne. Tulipofika Buyenzi, mwenyeji wetu alikuwa ametandika mikeka sebuleni na kupika kwa ajili yetu sote. Sebule ilijaa tukiwa nusu. Waliobaki walikaa barazani, wakala wakitazama barabara, na mazungumzo yote mazuri yaliyokuwa ndani hawakuyasikia. Mama yule aliona aibu kana kwamba kosa ni lake. Kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo ni wanane, na mimi, na dereva. Wanane wanaingia sebule moja, wanakaa meza mbili za mgahawa, na mkipoteana sokoni unajua mara moja nani hayupo. Kabla ya kumkubali mtu, kaa naye mzungumze. Muulize kama anaweza kulala chumba kimoja na mwenzake, kama ana dawa anazotumia kila siku, na kama yuko tayari kukaa saa mbili akimsikiliza mzee bila kushika simu. Hilo la mwisho ndilo linalonipa jibu.

Chora njia ukijua mipaka

Ukitazama ramani utaona njia fupi: Bujumbura, panda kaskazini, ingia Rwanda moja kwa moja. Usiipange hiyo. Burundi ilifunga mipaka yake ya ardhini na Rwanda Januari 2024, na mpango wa safari usitegemee kwamba itafunguliwa siku mnayofika. Njia inayofanya kazi inarudi nyumbani katikati ya safari: mnaingia Burundi kwa Manyovu, upande wa pili Mugina; mnatoka kwa Kobero na kuingia Kabanga, wilayani Ngara; kisha mnavuka Rusumo kuingia Rwanda. Kurudi ni Rusumo, Benaco, Nyakanazi, Kakonko, Kibondo, Kasulu, Kigoma.

Wengine huona huo mzunguko kuwa hasara. Kwangu ni faida, kwa sababu usiku wa kulala Ngara unawapa watu nafasi ya kupumua na kufua, na wanasikia Kihangaza, lugha ya nyumbani kwetu iliyo karibu mno na Kirundi na Kinyarwanda. Mmoja wa kikundi akiwa Muha, mwache azungumze na wauza ndizi wa Ngara. Somo la lugha la siku hiyo litakuwa limeisha.

Kongo nisingeipanga kwa sasa. Januari na Februari 2025 Goma na Bukavu ziliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na kikundi cha watalii hakina shughuli mahali watu wanapokimbia nyumba zao.

Kuhusu majira, nenda kati ya Juni na Agosti. Mvua zimekatika, na milima ya Burundi haina ukungu wa kutisha. Nikiweza, napanga tuwe Rwanda Ijumaa ya kwanza ya Agosti, siku ya Umuganura, sikukuu ya mavuno. Aprili naiacha. Kuanzia tarehe 7 Aprili Rwanda iko kwenye maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994, na si wakati wa kwenda kuomba kuchezewa ngoma. Kumbuka pia Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi: asubuhi ni Umuganda, kazi za pamoja, maduka yamefungwa na magari hayatembei ovyo. Msipange kusafiri asubuhi hiyo.

Wenyeji kabla ya gari

Hapa ndipo safari inapofanikiwa au kufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila mji utafute mwenyeji mmoja. Simaanishi mtembezaji wa kulipwa peke yake, ingawa kwenye majumba ya makumbusho utamhitaji. Namaanisha mtu mwenye nyumba, majirani na jina lake mtaani. Kigoma si vigumu kumpata, maana kila mtaa wa Ujiji una mtu mwenye shangazi Bujumbura. Anzia msikitini, kanisani, kwa wauza vitenge, kwa wenye boti. Mpigie simu miezi miwili kabla. Mweleze mko wangapi, mnakula nini, hamli nini, na kwamba gharama ya chakula ni yenu.

Hilo la gharama lisemwe waziwazi. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kulisha watu kumi si mzaha, na mwenyeji wa huku hatakutajia bei hata ukimbembeleza. Mimi hutuma fedha ya soko siku mbili kabla kupitia ndugu anayevuka, na siku ya kuagana natoa bahasha kwa mama mwenye nyumba, si mbele za watu. Zawadi tunazobeba ni za kwetu: dagaa wakavu wa Kigoma waliochambuliwa vizuri, na chupa ya mawese iliyofungwa barabara isimwagike kwenye nguo. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, sisi wenyewe Juni 2019, na mpakani wanaikagua. Tumia vikapu.

Hati

Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haombi viza Burundi wala Rwanda. Anahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria ya Uhamiaji ikiwa pasipoti haijatoka. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000 na inahitaji namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo waanze mapema. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi.

Kila mtu awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Na majina yafanane! Tuliwahi kukaa mpakani karibu saa tatu kwa sababu mwenzetu mmoja kadi yake ilikuwa na jina la baba na pasipoti ina jina la mume. Tangu siku hiyo, wiki tatu kabla ya kuondoka nakusanya hati zote mezani, pasipoti juu, kadi chini, nasoma herufi kwa herufi. Kisha napiga nakala mbili za kila hati. Seti moja ninabeba mimi, nyingine inabaki Kigoma kwa mtu anayejibu simu.

Kama unafanya biashara, yaani unatangaza na kuchukua faida, unahitaji kampuni iliyosajiliwa na leseni ya biashara ya utalii, ile ambayo wengi wamezoea kuiita TALA. Kikundi cha marafiki wanaochangiana ni jambo jingine, lakini daftari la michango liwe safi, kila mtu aone shilingi yake imekwenda wapi.

Gari, mafuta na saa

Haisi moja nzuri inatosha watu kumi na mizigo, mradi kila mtu awe na begi moja. Gari litahitaji kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima ya kuvukia mipaka, na kibali cha muda cha kuingiza gari kinachotolewa forodhani. Kadi ya gari iwe na jina la mwenye gari, na kama si dereva, awe na barua ya ruhusa iliyogongwa muhuri.

Mafuta ndiyo mtego wa Burundi. Uhaba umekuwa wa miaka, na foleni inaweza kula siku nzima. Piga hesabu hivi: Manyovu, Bujumbura, Gitega, Muyinga hadi Kabanga, ukijumlisha na kutoka Kigoma, ni kama kilomita 450. Haisi ya dizeli yenye tanki la lita 70 ikienda kilomita tisa kwa lita inavuka nchi nzima na kubakiza. Basi jaza hadi shingoni Kigoma, na mjini Bujumbura gari lilale. Tembeeni kwa miguu.

Burundi na Rwanda wanaendesha kulia. Gari letu lina usukani kulia, kwa hiyo dereva akiwa nyuma ya lori haoni mbele. Anayekaa mbele kushoto ndiye macho yake: awe mtu mzima, asilale, aseme "njoo" au "subiri" kwa sauti. Barabara ya kupanda kutoka Bujumbura kwenda Bugarama ina kona kali, na utaona vijana wa baiskeli wameshikilia mikia ya malori wakivutwa mlimani. Dereva mwenye haraka hafai hapo.

Saa nazo zinabadilika. Kule wako nyuma yetu saa moja. Saa nne ya Kigoma ni saa tatu ya Bujumbura. Ukipanga na mwenyeji kwa simu, uliza: saa zetu au zenu?

Fedha

Beba dola noti safi zisizochanika, na shilingi za kutosha kwa Ngara na njia ya kurudi. Badilisheni kidogo kidogo penye kibali, wala msibaki na faranga za Burundi, kwa sababu ukishavuka hazikufai. Huduma zetu za kutuma pesa kwa simu usizitegemee ng'ambo. Mmoja wa kikundi awe mhasibu, na si kiongozi wa safari. Mimi huongeza sehemu moja kwa kumi ya bajeti kuwa akiba, nikiirudisha kwa wenyewe isipotumika.

Siku mbili za kwanza: Ujiji

Msiruke Ujiji kwa sababu mnaijua. Wanaotoka Tabora wakiwahi, wapite kwanza Kwihara kuona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, ndipo wapande treni. Ujiji mnaanzia makumbusho, kwenye miembe inayosemekana ni vipandikizi vya mwembe ule ambao Stanley alimkuta Livingstone chini yake mwaka 1871. Halafu achaneni na wazungu hao wawili, mtembee mitaani. Mwombeni mzee mmoja aeleze watu wa Ujiji walitoka wapi, Manyema upande wa pili wa ziwa, Unyamwezi, pwani. Hapo uzi wenu unaanza. Jioni kula migebuka iliyopikwa kwa mawese na ugali wa muhogo, na uwaambie watu waikumbuke ladha hiyo.

Bujumbura

Kutoka Mugina mnateremka hadi ziwani Nyanza-Lac na kufuata ufuko. Rumonge simameni. Michikichi ni ile ile, mawese ni yale yale, na sokoni Kiswahili kinakwenda. Karibu na Bujumbura, Mugere, kuna jiwe lenye tarehe 25 Novemba 1871. Wapo watakaowaambia kwamba hapo ndipo Stanley na Livingstone walipokutana. Sivyo. Walikuwa wameshakutana Ujiji, wakaja kwa mtumbwi kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Unaingia.

Buyenzi iendeeni kwa miguu, mkiwa mmevaa kwa staha. Mafundi, cherehani, kahawa, adhana. Tulipokaa kwa mwenyeji wetu safari ya pili, mzee jirani alikuja na kikombe chake mkononi, akauliza: "Ujiji mtaa gani?" Mwenzetu akataja. Mzee akaweka kikombe chini, akataja majina ya watu watatu wa mtaa huo, mmoja wao bibi yake huyo mwenzetu. Sikuwa nimepanga hilo, na hakuna awezaye kulipanga. Unachoweza kupanga ni kuacha mchana mzima mtupu, bila ratiba, ili likitaka kutokea lipate nafasi.

Chakula cha jioni agizeni mukeke wa kuchoma. Mtazameni vizuri kabla ya kula. Ni mgebuka wetu! Na dagaa wanaitwa ndagala. Samaki wa maji yale yale, amebadilishwa jina tu.

Burundi msipige picha askari, mpaka, daraja wala jengo la serikali, na siasa za nchi yao waachieni wao.

Gitega na Gishora

Gitega ni kama kilomita mia moja. Makumbusho ya Taifa, ya mwaka 1955, ni madogo na saa moja inatosha. Kisha Gishora, makao ya ngoma yanayohusishwa na Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo. Wekeni miadi mapema kupitia mwenyeji, mkubaliane bei kabla hamjafika.

Wapigaji wanaingia wakiwa wamebeba ngoma vichwani, huku wanapiga. Ngoma imechongwa kwa gogo zima la umuvugangoma, mti tunaouita mringaringa, na ngozi ya ng'ombe imekazwa kwa vigingi vya mti vinavyozunguka ukingo. Wanazitua kwa nusu duara, moja inabaki katikati, na kila mpigaji anaiendea kwa zamu yake, anaruka, anapitisha vijiti vya kupigia shingoni kana kwamba anajichinja, anarudi. Simama mita tano na utaisikia kifuani. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014. Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma na pia ni ufalme, na mkiwa pale hamhitaji kuelezwa kwa nini.

Waambieni wanawake wa kikundi mapema: kwa amri ya mwaka 2017, wanawake hawapigi ngoma hizo Burundi. Watauliza maswali, na ni haki yao, lakini si pale uwanjani mbele ya wenyeji. Jibu la upande mwingine lipo Huye, Rwanda, ambako kikundi cha wanawake cha Ingoma Nshya kimekuwa kikipiga ngoma tangu 2004. Jaribuni kupanga miadi nao.

Mtapewa impeke, pombe ya mtama, kwenye chungu kimoja chenye mirija mingi. Asiyekunywa aseme mapema kwa mwenyeji, si kukunja uso mbele ya chungu.

Rwanda

Rusumo mtavuka juu ya maporomoko ya Kagera. Kilomita chache mbele, Nyakarambi wilayani Kirehe, kuna akina mama wa imigongo. Hii ni sanaa ya samadi: kinyesi cha ndama kinachanganywa na jivu, kinapandishwa kwa vidole juu ya ubao kiwe matuta yenye pembe na mistari, kinakauka, kinasuguliwa, ndipo rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ombeni mjaribu wenyewe. Mtu mzima mwenye shahada akishindwa kunyoosha tuta moja kwa dakika ishirini ndipo anapoelewa bei iliyoandikwa ukutani. Nunueni pale pale, mkononi mwa aliyetengeneza.

Kigali ni siku mbili. Asubuhi moja ni ya Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, iliyofunguliwa mwaka 2004, ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Zungumzeni usiku wa kuamkia siku hiyo ni nini mnakwenda kuona. Asiyeweza abaki hotelini bila kuulizwa. Baada ya hapo msipange kitu mpaka alasiri. Na popote Rwanda, usimuulize mtu kabila lake, hata kwa nia njema.

Alasiri ya pili iwe Nyamirambo, Biryogo. Kiswahili tena, chai ya maziwa tena, mtaa wa Waislamu uliokua pamoja na mji. Agizeni sambaza. Hao si wageni kwetu: dagaa wa Tanganyika walipandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na huko wakapata jina jingine.

Siku inayofuata ni Nyanza, kuona jumba la mfalme na inyambo, ng'ombe wenye pembe ndefu ambao mchungaji wao huwaimbia, na wao humsikiliza. Huye ina makumbusho makubwa ya mila, yaliyofunguliwa mwaka 1989. Salamu zenu zitawatosha: mwaramutse asubuhi, mwiriwe jioni, murakoze kwa asante. Burundi asubuhi mseme bwakeye.

Kurudi, na wiki moja baadaye

Kutoka Rusumo hadi Kigoma kwa siku moja inawezekana, lakini laleni Kibondo. Jioni hiyo mhasibu asome daftari lote kwa sauti na kurudisha akiba.

Mkifika, kazi haijaisha. Ndani ya wiki moja safisha picha, zile za watu na si za majengo, na uwatumie wenyeji wote, wenye simu kwa simu, na wasio na simu wapelekewe zilizochapishwa, kwa mkono wa anayevuka Manyovu. Mama wa Buyenzi aliipokea yake baada ya siku tisa. Akapiga kuuliza mwakani tutakuja wangapi, ili ajue mikeka ya kuazima.